MUULIZE ANKO: Machale yaliyonicheza usiku ule ni ushahidi au siyo?

*Doto, Tanga, anauliza:*

Shikamoo anko. Mimi naitwa Doto, nipo Tanga, na kama jina linavyosema nina pacha wangu Kulwa, yeye yupo Mwanza anapiga bodaboda. Sasa mwezi uliopita Alhamisi usiku nimelala zangu vizuri tu, saa nane nikashtuka, moyo unanidunda kama nimekimbizwa, mguu wa kushoto unauma siwezi hata kuukunja, alafu namuwaza Kulwa tu, Kulwa tu, mpaka nikamwambia mume wangu huyu mtu ana shida. Alfajiri nikampigia, simu inaita haipokelewi. Saa mbili asubuhi wifi ananipigia analia, Kulwa kagongwa na gari, mguu umevunjika. Anko nilikaa chini. Mume wangu anasema imetokea tu niache kukuza mambo, na shemeji yangu ambaye ni mwalimu wa sekondari ndo kabisa, anasema yaliyonipata siyo ushahidi wa kitu chochote. Naona ananidharau. Yamenikuta mwenyewe, sijahadithiwa. Sasa nauliza, hii kitu wanaita telepathi, yaani mtu kuhisi yanayompata mwenzake aliye mbali bila kuambiwa, ikishamtokea mtu mwenyewe si ndo ushahidi tosha? Au mpaka aje mzungu na mashine?

*Anko anajibu:*

Marahaba Doto, na poleni sana. Wasomaji wajue kwamba barua hii ilivyofika sikutaka kujibu kwa kukisia, nikampigia Doto tukaongea karibu saa nzima, alafu na Kulwa mwenyewe nikaongea naye, bado ana piopi lakini mdomo mzima kabisa, ananitania kwamba dada yake amemgeuza kuwa redio. Yote nitakayoandika hapa wamekubali niyaandike.

Kwanza shemeji yako nampinga. Kusema "siyo ushahidi wa kitu chochote" ni uvivu. Wewe uliamka, ulishtuka, hilo limetokea na wewe ndo shahidi wake, hakuna mwingine anayeweza kukuambia hukushtuka. Ishu inaanza pale unapotoka kwenye "nilishtuka" ukaenda kwenye "nilishtuka KWA SABABU Kulwa aliumia". Hapo katikati kuna mto, na huo mto mtu havuki kwa hisia peke yake, hata kama hisia ni kali kiasi gani.

Nilichomuomba Doto ni kitu kidogo sana. Nikamwambia fungua simu, nenda WhatsApp ya mume wako, rudi mpaka usiku ule. Maana mumewe usiku ule alikuwa zamu, hakuwa nyumbani, kwa hiyo "nilimwambia mume wangu" lazima ilikuwa meseji. Akapekua, kimya kidogo, akanisomea. Saa nane na dakika 17 usiku: "Umelala? Nimeota vibaya na ule mguu unauma tena." Basi. Kulwa hayumo. Alafu kuna neno "tena" na kuna "ule", yaani mguu ulikuwa unauma tangu kabla, na kweli akakumbuka kwamba Jumatatu ile alijikwaa kwenye ngazi za sokoni. Nikamuuliza Kulwa wewe mguu uliovunjika ni upi, akasema wa kulia. Na ajali yenyewe ilikuwa saa tatu usiku, saa nane yeye alishafungwa, keshachomwa sindano, amelala.

Sasa hapa mtu asije akasema Doto ni muongo. Doto alivyoniandikia aliamini kila neno, na mimi namuamini kwamba aliamini. Ndivyo kumbukumbu ya binadamu inavyofanya kazi, ukishapata habari kubwa asubuhi, usiku wako wote unajipanga upya kuifuata hiyo habari, kama abiria kwenye daladala konda akisema sogeeni. Ndoto ambayo haikuwa na mtu inapata mtu. Mguu unapata maana. Na wewe mwenyewe husikii hata vikisogea.

Kuna jaji mmoja Muingereza yalimkuta, na huyu ni mtu ambaye kazi yake ilikuwa kupima maneno ya mashahidi. Sir Edmund Hornby, alikuwa jaji mkuu wa mahakama ya Waingereza kule Shanghai, China. Akasimulia kwamba usiku mmoja mwaka 1875 mhariri wa gazeti aliingia mpaka chumbani kwake, uso mweupe kama maiti, akakaa kwenye kitanda miguuni pake, akaomba muhtasari wa hukumu ya kesho yake ili aichape. Jaji kakasirika lakini akamsomea, jamaa akaandika, akaondoka. Saa ilikuwa imepita saa saba usiku. Mke wa jaji akaamka, jaji akamsimulia pale pale. Asubuhi wanaambiwa yule mhariri amefariki usiku huohuo, muda huohuo, na kwenye daftari lake ameanza kuandika habari ya ile hukumu. Stori ikachapwa mwaka 1884 kwenye jarida kubwa la London, na waliokuwa wanakusanya visa vya telepathi wakaona wamepata dhahabu, maana nani atambishia jaji?

Akabisha mhariri mwingine aliyekuwa anawafahamu watu wa Shanghai, anaitwa Balfour. Akaandika barua fupi tu. Marehemu hakufa saa saba usiku, alifariki kati ya saa mbili na saa tatu asubuhi baada ya kulala vizuri. Hukumu yoyote ya siku ile kwenye rekodi haipo. Na mke aliyeamshwa? Usiku ule jaji hakuwa na mke kabisa! Wa zamani alishafariki, na huyu wa sasa alikuja kumuoa miezi mitatu baadaye. Jaji alivyopelekewa hayo akakubali kwamba kumbukumbu imemchezea, na akasema kama asingekuwa na uhakika wa kila neno asingeisimulia. Hayo maneno yake ndo mimi yananifanya nisilale. Uhakika alikuwa nao wote, na uhakika haukumsaidia kitu.

Hao waliokuwa wanakusanya visa ni chama kilichoanzishwa London mwaka 1882, na ni mmoja wao, Frederic Myers, aliyelitunga hilo neno telepathi mwaka huohuo, akaunganisha maneno mawili ya Kigiriki, "mbali" na "hisia". Hawakuwa wahuni, walikuwa wasomi, walitembelea watu majumbani, wakahoji, mwaka 1886 wakatoa kitabu kikubwa cha visa zaidi ya 700. Mwaka uliofuata mwanasheria mmoja wa Scotland, Taylor Innes, akakisoma chote kisheria, akarudi na swali moja: barua ziko wapi? Maana kwenye visa vingi mtu anasema nilishtuka nikaandika barua palepale kwa ndugu yangu, au niliandika kwenye dayari. Sawa, ileteni hiyo barua yenye muhuri wa posta wa tarehe KABLA habari haijafika. Kwenye mamia ya visa hakuona hata barua moja ya kusimama nayo mahakamani.

Doto, swali la Innes ndo nililokuuliza mimi kwenye simu, tofauti ni kwamba sasa hivi posta tunayo mfukoni. Meseji yako ina saa na dakika, na haiwezi kujipanga upya usiku.

Lakini sitaki kukunyang'anya kila kitu, maana kuna kipande kimoja kilisimama. Tuliangalia na rekodi ya simu ulizopiga. Saa kumi na moja na dakika 41 alfajiri ulimpigia Kulwa, kabla hujaambiwa chochote na wifi. Hiyo ni barua yenye muhuri! Hiyo kwangu ni ushahidi, nausema bila aibu. Swali linalobaki ni wa nguvu gani. Nikakuuliza, mara ngapi umewahi kumpigia Kulwa alfajiri kwa sababu umeota vibaya? Ukacheka. Ukasema "anko mimi kila nikiota vibaya nampigia". Tukahesabu zilizobaki kwenye simu, ndani ya miezi mitano alfajiri kama hizo ni tisa. Mara nane Kulwa alipokea akasema niache nilale. Hizo nane hukuziandika kwenye barua, na si kwa kuficha, ni kwamba hazina stori. Nani anamsimulia jirani kwamba nilimuota kaka yangu ameumia nikampigia nikamkuta anakula chapati?

Alafu Kulwa anaendesha bodaboda. Dada wa dereva wa bodaboda kuwa na wasiwasi usiku siyo mpaka telepathi.

Mwanafizikia mmoja wa Marekani, Luis Alvarez, huyu alikuja kupata Nobel mwaka 1968, mwaka 1965 aliandika barua kwenye jarida la sayansi akieleza jambo lililomtokea akisoma gazeti. Kuna maneno aliyasoma yakamkumbusha mambo ya zamani, wazo likavuta wazo, mpaka akamkumbuka mtu aliyesoma naye chuo ambaye hakuwahi kumuwaza kwa miaka kama 30, dakika chache mbele kwenye gazeti lilelile anakutana na tangazo kwamba yule mtu amefariki. Angekuwa mwingine angeanzisha kanisa. Yeye akachukua kalamu akapiga hesabu, mtu anafahamu watu wangapi, anawawaza mara ngapi, wanakufa wangapi, akapata kwamba kwa watu wote wa Marekani kitu kama hicho kitatokea kwa bahati tu mara kama 10 kila siku. Kila siku! Sasa hao 10 kila mmoja atasimulia maisha yake yote, na mamilioni waliowaza mtu asife hawatasimulia kitu.

Ila hesabu hiyo isije ikatufanya tuwe na kichwa kigumu. Kuna kisa kimoja nakipenda kuliko vyote, cha daktari Mjerumani Hans Berger. Miaka ya 1890 akiwa kijana jeshini, kwenye mazoezi, farasi wake akasimama kwa miguu ya nyuma akamwangusha chini mbele ya mkokoteni wa mzinga, gurudumu likasimama karibu kabisa na kichwa chake. Jioni ileile akapata telegramu kutoka kwa baba yake anauliza kama yuko salama, na baba hakuwahi kumtumia telegramu maisha yake yote. Kumbe dada yake, huko nyumbani mbali, alikuwa ameng'ang'ania kwamba kaka amepata ajali. Umeona Doto? Telegramu. Ina tarehe, imetumwa kabla ya habari, na aliyeituma ni mtu wa tatu. Hiyo ni daraja la juu kuliko ya jaji. (Ingawa na yenyewe tunayo kwa kuwa Berger alikuja kuiandika uzeeni, mwaka 1940, karatasi yenyewe hatujaishika.)

Berger akaamini ni telepathi, na hakuishia kusimulia. Aliacha mambo ya nyota aliyokuwa anasomea akaingia udaktari, akatumia miaka na miaka kutafuta hiyo nguvu ya kichwani inayoweza kuruka kutoka kwa mtu mpaka mtu, na mwaka 1924 akafanikiwa kurekodi umeme wa ubongo wa binadamu kupitia kichwani, mwaka 1929 akautangaza. Ile mashine ya kuwafunga watu nyaya kichwani wakipimwa kifafa, EEG, imetoka hapo. Na alichokikuta ni umeme mdogo mno, wa sehemu za milioni za volti, hata kwenye ngozi ya kichwa unausaka kwa shida, sembuse kutoka kambini mpaka kwa dada. Kwa hiyo tukio lake lilimpa swali zuri kuliko maswali yote ya wakati wake, jibu likawa la kitu kingine kabisa.

*Kijana mmoja wa Nakuru, amejiita Mhandisi, ameandika akijibu mjadala huohuo:*

Anko usiwape watu moyo. Stori za watu ni sifuri. Ukijumlisha sifuri mara elfu unapata sifuri. Sayansi ni maabara peke yake.

*Anko:*

Mhandisi, ngoja nikupeleke Ufaransa. Zamani wakulima walikuwa wanasema mawe yanaanguka kutoka mbinguni, wasomi wengi wanacheka, wanasema hao washamba. Tarehe 26 Aprili 1803 mawe yakamwagika mchana kweupe kwenye vijiji vya karibu na mji wa L'Aigle, maelfu ya mawe. Serikali ikamtuma kijana msomi, Jean-Baptiste Biot, na alichofanya ni kutembea kijiji kwa kijiji akiuliza watu mmoja mmoja, padri, mkulima, mama wa nyumbani, watu wasiofahamiana, mlisikia nini, moshi ulikuwa upande gani, alafu akachora ramani ya mawe yalikodondoka. Stori za watu hizo! Zikabeba ukweli mpaka wasomi wakanyamaza.

Kwa hiyo siyo sifuri. Tofauti ya L'Aigle na Tanga ni kwamba kule mashahidi walikuwa wengi hawajaambizana, na kulikuwa na jiwe la kushika. Telepathi imetafutiwa jiwe lake kwa miaka zaidi ya 100 na wala siyo kwamba watu hawakujaribu. Kuna J. B. Rhine wa chuo cha Duke kule Marekani, miaka ya 1930, karata 25 zenye michoro mitano, duara, msalaba, mawimbi, mraba, nyota, ukikisia tu unapata 5. Akatangaza watu wanaopata zaidi, wengine wakirudia kwao haitoki. Baadaye yakaja majaribio ya kumlaza mtu amefunikwa macho na masikioni anasikia mvumo tu, mwenzake chumba kingine anamtumia picha, alafu anachagua moja kati ya nne, bahati tupu inampa asilimia 25. Mwaka 1994 ikatoka ripoti ya kama 32, watu wakashangilia, mwaka 1999 watafiti wengine wakakusanya majaribio 30 mapya wakasema hamna kitu cha kuzidi bahati, na mpaka leo wanabishana. Mimi nikiulizwa ninaegemea wapi nasema haijathibitika, na kama ipo basi ni dhaifu kiasi kwamba haiwezi kumuamsha mtu saa nane usiku.

*Baba Salma, Mombasa:*

Mke wangu tumeishi miaka 22. Nikitaka kusema kitu anakisema kabla yangu. Juzi nimewaza tu nimkopeshe ndugu yangu hela, akaniambia "hata usijaribu". Hiyo nayo?

*Anko:*

Ndugu yangu pole, hiyo siyo telepathi, umesomwa. Berlin mwaka 1904 kulikuwa na farasi maarufu anaitwa Hans, ukimuuliza hesabu anagonga kwato chini mpaka idadi ya jibu, maprofesa wakamkagua wakakosa ujanja wowote. Akaja kijana Oskar Pfungst akagundua kwamba muulizaji mwenyewe asipojua jibu, farasi naye hajui. Alikuwa anasoma vichwa na mabega ya watu, jibu likikaribia mtu anakaza bila kujijua, likifika analegea. Kama farasi ameweza, mama Salma kwa miaka 22 atashindwaje? Nina uhakika kabla ya kuongelea hela huwa unakuna shingo.

*Turudi kwa Doto*, maana aliniuliza mwishoni, sasa anko nifanyeje, nisihisi?

Hisi tu, ila andika. Machale yakikucheza, kabla hujampigia mtu, jitumie meseji wewe mwenyewe: nani, nini, saa ngapi. "Kulwa, mguu wa kushoto, gari." Siyo "nina wasiwasi", hiyo inaingia kwenye kila kitu. Alafu yasipotokea usifute.

Na kwa kuwa nyie ni mapacha na mnabishana na mwalimu, nikawapa na mchezo. Vitu vinne, embe, kiatu, samaki, jembe. Kulwa huko Mwanza anarusha kete ya ludo, 1 embe, 2 kiatu, 3 samaki, 4 jembe, ikija 5 au 6 anarudia. Kwa nini kete? Kwa sababu mkiacha kichwa kichague, mapacha mliokula sahani moja mtachagua embe wote siku ya kwanza, tutadhani ni miujiza. Saa tatu kamili usiku Kulwa anakiwaza kile kitu dakika tano, Doto anamtumia mwalimu jibu lake, Kulwa anamtumia mwalimu lake, nyie wawili hamuongei mpaka kesho yake. Mwalimu ndo anashika daftari kwa sababu yeye ndo hataki mshinde. Mara 40. Kwa bahati tupu mtapata kama 10, mkifika 17 nitapanda basi nije Tanga mwenyewe. Na msibadilishe idadi katikati, ati leo tumepata tuishie hapa.

Tusikae chumba kimoja, alinishauri Kulwa, na yuko sahihi kuliko anavyojua. Wale wasomi wa London walianza kwa kuwapima mabinti wa mchungaji mmoja wa Derbyshire, akina Creery, wakawaamini miaka kadhaa, mwaka 1887 mabinti wakanaswa wanapeana ishara kwa macho na kukohoa.

Wakati naandika hii wameshafanya mara 12. Mwalimu kanitumia skrini shoti ya daftari, mwandiko safi kabisa, tarehe, saa, vimestari vyekundu. Wamepatia 4, bahati ingewapa 3. Doto anasema si unaona anko! Mwalimu anasema si unaona anko! Zimebaki 28, na Kulwa juzi alisinzia saa tatu haijafika, ile siku Doto aliandika samaki na hakukuwa na kitu kilichotumwa.